Makopo Juu ya Mti

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika juu ya mapambo ya mti wa Krismasi, na kila nilipokaa kuandika nilijizuia. Nilidhani msomaji atasema: huyu mzee amekosa la kuandika, nchi ina mambo mazito mangapi, naye anahangaika na pamba na karatasi za kung'aa. Pengine atakuwa na haki. Lakini mimi katika maisha yangu nimewahi kumvunjia mtu mmoja heshima mbele ya umati wa watu, na sababu ilikuwa mapambo ya mti wa Krismasi. Kwa hiyo kwangu jambo hili si dogo, na ninaomba uvumilivu wa msomaji mpaka mwisho.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, na pamoja na masomo mengine nilifundisha kazi za mikono na kuimba. Kwa sababu hiyo, kila ulipofika mwezi wa Desemba, nilihesabiwa kuwa mtaalamu wa mapambo. Utaalamu wenyewe niliupata utotoni, kwa kutazama. Huku kwetu Buha Ukristo uliletwa na watu wa namna mbalimbali. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen waliingia kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Waanglikana nao wakaja baadaye. Kila mmoja alifika na Injili mkono mmoja na desturi za kwao mkono wa pili, na sisi tulipokea vyote viwili bila kuuliza kipi ni kipi.

Mti niliofundishwa kuuita mzuri ulikuwa tawi kubwa la saiprasi, lililokatwa kwenye ua wa misheni na kusimamishwa ndani ya debe la mchanga. Juu kabisa kulikuwa na nyota ya karatasi ngumu. Chini yake zilining'inia pakiti tupu za viberiti zilizofungwa kwa karatasi za fedha zinazotoka ndani ya pakiti za sigara, na minyororo ya karatasi za rangi iliyogandishwa kwa uji wa muhogo. Halafu, juu ya yote hayo, ilitawanywa pamba ya zahanati. Hiyo ilikuwa theluji. Kasulu kuna baridi, na mvua za Desemba hunyesha mpaka udongo mwekundu ukakwama kwenye viatu kama mzigo. Lakini theluji hatukuwa tumeiona sisi, wala baba zetu, wala babu zetu. Hata hivyo, mti usio na pamba niliuona kama mtu aliyekuja kanisani bila shati.

Naeleza haya ili msomaji aelewe nilikuwa mhakiki wa namna gani. Nilikuwa na kipimo kimoja tu: je, mti huu unafanana na ule niliouona nikiwa mtoto? Unaofanana ni mzuri. Usiofanana ni mbaya. Sikujua wakati ule kwamba hata hicho kipimo hakikutoka mbinguni. Katika mji wa Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa, kuna maelezo ya mwaka 1605 juu ya miti iliyowekwa majumbani wakati wa Krismasi. Ilipambwa kwa maua ya karatasi, matofaa, mikate myembamba na sukari. Yaani mapambo ya kwanza kwanza yalikuwa chakula! Vile vigololi vikubwa vya kioo vinavyouzwa madukani vilianza kutengenezwa katika karne ya 19 huko Lauscha, Ujerumani, kijiji cha mafundi wa kioo, vikichukua nafasi ya matofaa. Bila shaka palikuwa na mzee mmoja huko aliyeviona mara ya kwanza akatikisa kichwa, akasema: vijana wa siku hizi, mti wa Krismasi na vioo wapi na wapi?

Sasa nieleze miti mitatu ambayo haikufanana na wa misheni. Nitasema nilivyoihukumu wakati ule na ninavyoihukumu leo.

Mti wa kwanza niliuona katika kijiji kimoja cha Kibondo, nilipokwenda kumsalimu ndugu yangu kwa sikukuu. Katekista na akina mama wa kigango walikuwa wamesimamisha mgomba mzima kando ya altare, pamoja na majani yake. Juu ya mgomba huo walikuwa wamefunga vitita vya maharage mapya yaliyo bado katika maganda, mahindi mabichi machache ya wale waliowahi kupanda, mabuyu madogo ya kunywea, na mayai yaliyowekwa katika vijikapu vya ukindu. Wazee wawili walinung'unika. Mmoja alisema kwamba mgomba ni wa arusi na wa pombe, si wa altare. Mwingine alisema neno zito zaidi: Desemba ni mwezi ambao katika nyumba nyingi ghala limekwisha na mavuno ya mahindi bado, je, ni haki kutundika chakula mbele ya mtu mwenye njaa ili akitazame tu?

Nilikubaliana na mzee wa pili, na mpaka leo naona swali lake ndilo swali bora la uhakiki nililopata kusikia juu ya mapambo. Lakini akina mama walikuwa na jibu, nalo lilitoka baada ya Misa. Mgomba uliteremshwa, kila kitu kikafunguliwa, kikapelekwa kwa wazee na wagonjwa wa kigango. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba pambo lilikuwa sadaka iliyopitishwa juu ya mti kabla ya kufika kwa mwenyewe. Kasoro ilikuwepo: vijikapu vilifungwa vibaya, na katikati ya mahubiri mayai mawili yalianguka, watoto wakacheka. Leo ningewapa alama nyingi sana, na ningewaambia wafunge mayai kwa kamba mbili.

Mti wa pili ulikuwa Kasulu mjini, mbele ya sehemu ya kunywea, katika miaka hiyo hiyo ya tisini. Nilipita asubuhi nikaona kwa mbali mti umejaa mapulizo meupe, yakicheza kwa upepo, nikamwambia mwenzangu kwamba leo hawa vijana wamefanya kazi ya maana. Tulipokaribia tukakuta ni kondomu zilizopulizwa. Vijana walikuwa wakitusubiri tufike karibu ili waangue kicheko, nao wakaangua.

Watu wengi waliuita mti ule matusi. Mimi nimeufikiri sana, na naona kosa lake lilikuwa mahali pengine. Jicho langu la mbali halikudanganyika: mapambo yale yalikuwa mazuri, meupe na mepesi. Wala kondomu si kitu cha aibu. Katika miaka ile UKIMWI ulikuwa ukizika watu, na mipira hiyo iligawiwa ili kuokoa maisha. Kosa ni kwamba aliyepamba hakutaka tufurahi. Alitaka tunaswe. Mti ule uliwekwa kama mtego, na ukishanaswa mara moja huna haja ya kuutazama tena. Pia vitu vilivyoletwa ili watu wasife vilimalizwa kwa mzaha wa asubuhi moja. Nilicheka pamoja nao, lakini mti haukustahili kusifiwa.

Mti wa tatu ndio unaonifanya niandike.

Msomaji wa makamo atakumbuka hali ya Kigoma ya wakati ule. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa mwezi wa Oktoba 1993, na watu kwa malaki wakavuka mpaka. Mwaka 1996 hali ya Burundi ikazidi kuwa mbaya, na mwishoni mwa mwaka huo huo vita ya Kongo ikawaleta wengine kwa kupitia Ziwa Tanganyika. Upande wa Kibondo zikawepo kambi za Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Upande wa Kasulu zikawepo Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu. Mwaka 1997 hata wale waliokuwa wamejipenyeza kuishi vijijini mwetu, wengine wakiwa wameoa kwetu, walikusanywa na kupelekwa kambini. Sisi Waha na Warundi lugha zetu zinasikilizana. Tulikuwa tukiwahurumia, na papo hapo tukiwalalamikia kuhusu kuni na wizi wa muhogo. Mioyo yetu ilikuwa na vyumba viwili.

Mkesha wa Krismasi ya mwaka 1998 padri mmoja aliniomba nifuatane naye katika moja ya kambi za Kasulu ili niwe mwamuzi. Kwaya zilikuwa zinashindana kuimba, na makundi matano ya kambi yalikuwa yanashindana kwa miti. Miti minne ilikuwa na sura niliyoizoea: matawi yaliyookotwa, karatasi, pamba kidogo iliyoombwa hospitali ya kambi. Wa tano haukuwa mti. Kukata miti mibichi kulikuwa kumekatazwa, na kundi hilo halikutaka kuvunja amri. Walikuwa wamesimamisha gogo kavu, wakalizungushia vijiti, na kila kijiti wakakivisha vipande vya turubai la plastiki la buluu, lile la kuezekea, vilivyochanwa chanwa kama majani. Mti wa buluu! Kutoka kijiti hiki hadi kile waliviringisha utepe wa kaseti iliyoharibika, rangi ya kahawia inayomeremeta. Na kila mahali zilining'inia nyota, ndege na koroboi ndogo zilizokatwa kutoka makopo ya mafuta ya kula, yale ya msaada kutoka Marekani, yakiwa bado na rangi zake nyekundu na buluu na herufi zake.

Niliutazama kwa muda wa kuvuta pumzi mara tatu. Nikaandika katika karatasi yangu: alama 20 kati ya 100. Mbele yake nikaongeza maelezo: makopo yabaki makopo.

Sina budi kueleza kilichokuwa kichwani mwangu, maana hakikuwa dharau tupu. Muda mfupi kabla yangu alipita mgeni mmoja wa shirika, mwenye kamera, akaupiga picha mti ule mara nyingi na kusema kwamba ni kazi ya ajabu. Nilimwona kama mtu anayesifu kwa huruma, kama asifuye mchoro wa mtoto mgonjwa. Nilijiambia kwamba mimi sitawadharau wakimbizi kwa kuwasifu uongo. Nitawapima kama ninavyowapima watu wa Kasulu. Hoja hiyo naiamini hata leo. Sifa ya huruma ni namna ya matusi. Ubaya wangu ni kwamba niliitumia hoja njema kuficha uvivu.

Matokeo yalisomwa kwa sauti, pamoja na maelezo, mbele ya umati wote. Niliposikia maneno yangu mwenyewe yakisomwa na mwenye kwaya, na watu wa makundi mengine wakicheka, nilitamani karatasi ile ingekuwa na mkono wa mtu mwingine.

Kesho yake, baada ya Misa, mzee mmoja alinifuata. Alikuwa Mrundi, fundi bati, mwembamba, amevaa koti lililokuwa kubwa kwake. Alinisalimu kwa mikono miwili, akanitakia Noheli nziza. Alikuwa ameshika nyota moja.

"Mwalimu," alisema, "mimi ni fundi. Nimefanya kazi ya bati tangu ujana wangu. Naomba unionyeshe palipokosewa."

Nikashika nyota. Nikaigeuza. Sikuwa na la kusema, kwa sababu jana sikuwa nimeitazama hata moja kwa karibu. Ndipo nikaona kwamba kingo zote zilikuwa zimekunjwa ndani ili zisikate mikono ya watoto. Nikaona kwamba ncha tano zililingana, ingawa, kama alivyoniambia mwenyewe, mkasi wa bati ulikuwa wa kuazima na ulikuwa butu. Na nikaona kwamba alikata kopo kwa namna ambayo maandishi yalibaki katikati ya nyota.

"Haya maneno umeyaacha kwa makusudi, mzee?"

"Kingereza sikijui. Nimeyaacha kwa sababu yamekaa vizuri."

Nikamsomea kwa Kiswahili: kitu hiki si cha kuuzwa wala kubadilishwa. Nilipokuwa nasoma, moyo wangu ulishtuka. Mimi niliyeimba nyimbo za Krismasi miaka yote nilikuwa sijapata kuona nyota yenye maneno yanayofaa siku ile kuliko hayo. Kama mtu angeniuliza kuzaliwa kwa Bwana kuna maana gani, na kunipa nafasi ya ukubwa wa kiganja niandike jibu, ningeandika nini zaidi? Nikaanza kumweleza hayo mzee, kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo.

Mzee akacheka, si kwa ubaya. "Lakini tuliyauza, mwalimu. Wote tunayauza. Chakula ni unga na njegere kila siku. Usipouza mafuta kidogo, mboga utapata wapi? Sabuni utapata wapi?" Kisha akaacha kucheka, akasema: "Mafuta ya kopo hili tulikula nusu, tukauza nusu. Ndiyo sababu tupo hai mpaka Noheli. Nikaona kopo lipande juu ya mti, nalo lisherehekee."

Nimefundisha miaka mingi na nimesoma vitabu kadhaa, lakini maelezo ya kazi ya sanaa yaliyo kamili kuliko hayo sijayapata. Na tazama jinsi alivyonikosoa mara mbili. Kwanza alinionyesha kwamba sikutazama. Nilipotazama na kuanza kutengeneza mahubiri yangu juu ya kazi yake, akanionyesha kwamba mahubiri hayo nayo ni yangu, si yake. Nyota ilikuwa ya mafuta yaliyoliwa na kuuzwa.

Nilimwomba radhi pale pale. Alikubali kwa adabu. Lakini matokeo yalikuwa yamesomwa hadharani, na radhi niliiomba watu wawili tu tukiwa tumesimama matopeni. Ningeweza kumwambia padri awaite watu tena Jumapili iliyofuata, nisome alama mpya. Sikufanya hivyo. Niliona haya. Wale waliocheka walibaki na kicheko chao, na kundi la mti wa buluu lilibaki na alama 20. Miaka ilipita, amani ikapatikana kwao, watu wakaanza kurudi. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Mzee yule sijui alirudi mwaka gani, wala kama alifika.

Baadhi ya wasomaji watasema: basi, mwalimu, unatufundisha kwamba kila kitu kikitundikwa mtini ni kizuri. La hasha. Ninasema kinyume chake. Kuna mapambo mabaya, na mhakiki asiyeweza kusema hili ni baya hana kazi. Pambo linaweza kuwa baya kwa sababu limefanywa ovyo, kingo zake zinakata mikono. Linaweza kuwa baya kwa sababu ni mtego, kama lile la sehemu ya kunywea. Linaweza kuwa baya kwa sababu linasema uongo, na hapa naiweka pamba yangu ya zahanati, theluji ya watu wasioijua theluji, iliyotawanywa juu ya mti wakati wagonjwa wa vidonda walikuwa wakiihitaji. Siku hizi madukani Kasulu na Kibondo kuna miti ya plastiki yenye theluji iliyogandishwa kiwandani, na taa zinazowaka na kuzimika zikiimba zenyewe. Siwalaumu wanaoinunua, watoto wanaifurahia, na furaha ya mtoto si kitu kidogo. Ila mti ule ukishachomekwa kwenye umeme unasema maneno yale yale katika kila nyumba, na mwenye nyumba hana alichoongeza.

Mwaka 2015 Warundi walikuja tena. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya. Niliposikia habari hizo nilimkumbuka fundi bati, nikahesabu miaka yake, nikaona kwamba kama alikuwa hai, huenda alitembea njia ile mara ya pili, mzee kabisa, na mkasi wake.

Bado ninaitwa kuwa mwamuzi, maana watu wa kwetu humheshimu mwalimu hata akizeeka. Krismasi iliyopita kigango chetu kilikuwa na miti sita. Mmoja wao, wa watoto, ulipambwa kwa vocha za simu zilizokwisha kukwanguliwa na chupa tupu za dawa ya kikohozi. Zamani ningepita. Safari hii nilichukua kigoda, nikakaa mbele yake, nikamwita mtoto aliyekuwa mkubwa wao, nikamwambia: "Haya, bwana fundi, nionyeshe." Akaanza na chupa ya juu kabisa. Ilikuwa ya bibi yake, alisema, na bibi amepona.

Nilikaa pale mpaka akamaliza zote. Miti mingine ilinisubiri.